Abiria Aliyekataa Kushuka Mwaloni

Kabla hujaanza kucheka, ujue kwanza kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwaambia watoto wa watu kwamba kisichothibitika hakiandikwi. Sijawahi kwenda kwa mganga, na redioni wakianza vile visa vya majini mimi huzima nikalala. Lakini hiki kilinitokea mimi mwenyewe, nikiwa nimekunywa chai tu. Wenzangu wenye visa vya namna hii husema ilikuwa usiku wa manane, mwezi umejificha, bundi analia. Changu kilitokea saa mbili asubuhi, barabara ya lami, mama mkwe wangu akiwa kiti cha nyuma. Ukiwa na shaka muulize yeye. Yuko hai, na hasemi uongo hata wa kumfurahisha mtu.

Nianze na gari, maana bila gari hakuna kisa.

Ni haibridi ya kuchaji, gari la familia la viti vitano, nililiagiza kutoka Japani likiwa limetumika. Lina injini ya petroli kama magari mengine, halafu lina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, na ubavuni lina tundu la kuchomekea umeme. Jioni nikirudi kutoka shule naliegesha chini ya dirisha la sebule, kwetu Kitendaguro mkoani Kagera, napitisha kebo dirishani na kuchomeka ukutani. Asubuhi betri imejaa. Nakwenda shule, narudi, napita sokoni, naenda kanisani Jumapili, injini haijawaka hata mara moja. Mke wangu, Advera, aliliita gari linalonyonya ukuta. Mbuzi wa jirani walikuwa hawaondoki njiani kwa sababu hawakulisikia likija.

Nami sikufichi, nilivimba kichwa. Sisi Wahaya tunataniwa nchi nzima kwamba mmoja wetu akisoma kidogo lazima mjue wote. Basi mimi nilikuwa nimesoma kitabu cha gari kizima, nikitafsiri Kijapani kwa simu, hata kurasa za namna ya kufuta vioo. Ungenikuta Miembeni kwenye maduka ya vipuri ungeipata habari yangu hata kama umekuja kununua balbu. Ningekueleza mishale ya kwenye skrini: huu unatoka kwenye injini, huu unatoka kwenye betri, na ukitelemka mlima mshale unageuka, unatoka magurudumuni kurudi kwenye betri, gari linajichaji lenyewe. Nilikuwa nasema gari langu halijui kituo cha mafuta kilipo. Kumbuka maneno hayo, maana yaliniponza.

Sasa, habari ya familia. Advera ana kaka mmoja, Projestus, mtoto wa kwanza wa nyumba yao kule Muleba. Baba yao alikuwa dereva wa lori la kahawa, na alitaka Projestus abaki kwenye kibanja, atunze migomba na mibuni. Projestus akaenda kisiwa cha Bumbire kuvua dagaa. Wakagombana ugomvi mkubwa. Mzee akaapa mbele ya watu kwamba mguu wake hautakanyaga mwalo wowote, ufuko wa wavuvi, alipo Projestus. Naye Projestus akajibu kwamba hatarudi nyumbani mpaka baba yake mwenyewe aje kumchukua. Mwaka mmoja baadaye mzee akaugua, akafa kitandani kwake. Projestus hakuja kuzika. Baada ya hapo aibu ikamfunga miguu, miaka kumi ikapita, hajarudi.

Mimi huyo baba mkwe sikumkuta. Alifariki kabla sijapeleka posa. Nilimjua kwa picha moja tu iliyoko ukutani kwa mama mkwe, kijana mwembamba mwenye nywele nyingi na suruali pana chini.

Siku ya Alhamisi jioni ujumbe ulifika kwenye simu ya Advera. Projestus alikuwa anahama Bumbire na mke na watoto wake, anakwenda kuishi ng'ambo ya ziwa. Mkewe na watoto walikuwa wametangulia. Yeye angevuka kesho yake, na mtumbwi wa mizigo ungepita mwaloni upande wa Muleba saa nne asubuhi. Aliandika: mama akiweza, aje tuagane. Baada ya hapo hakuahidi kupatikana kwa namba yoyote ya simu.

Mama mkwe wangu, Ma Paskazia, alikuwa kwetu wiki ile kwa ajili ya matibabu ya magoti. Aliposomewa ujumbe hakulia. Aliniambia, akitazama dirisha, "Mkwe, gari lako litafika?"

"Mama, litafika na kurudi," nikasema.

Usiku ule umeme ukakatika. Nilichomeka gari nikalala, nikaamka nikakuta betri ina kipande kidogo tu, na giza nyumba nzima. Si neno, nikasema, tuna petroli. Nikatazama kipimo. Petroli ilikuwa robo, pengine chini ya robo, kwa sababu miezi ile yote sikuwa nanunua. Kituo cha kwanza pampu hazifanyi kazi, hakuna umeme. Cha pili, foleni mpaka barabarani. Nikapiga hesabu kichwani nikaona inatosha mpaka Muleba mjini, tutajaza huko. Mwalimu wa hesabu.

Hapa lazima nikueleze desturi, la sivyo hutaelewa kilichofuata. Kwa watu wa umri wa Ma Paskazia, mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani, hawatazamani usoni, hawasogeleani. Ni heshima. Vijana wa siku hizi wameiacha, yeye hajaiacha. Kwa hiyo hakai mbele, anakaa nyuma yangu kabisa ili kioo kisimwoneshe, na amejifunika kitenge kuanzia kichwani. Akitaka kusema nami anasema na dirisha. Kiti cha mbele kilikuwa na mkungu wa ndizi aliompelekea Projestus, na gari likaanza kulia ti, ti, ti, likidhani ni abiria hajafunga mkanda. Nikaufunga mkungu mkanda. Likanyamaza. Advera akabaki na watoto, tukaondoka watatu, mimi, mama na ndizi.

Tulipopita Kemondo ukungu ukawa mzito. Mama akaliambia dirisha, "Ni nani huyu anavuma hapa pembeni yangu?"

"Ni feni, mama. Inapoza betri."

"Inanivutia baridi magotini."

Nikamwambia ni kawaida. Baada ya muda mvumo ukaisha, nami nikafurahi kwamba ameizoea. Tukapita Muhutwe. Mbele kidogo, kwenye rweya, ile nyika yetu ya majani matupu isiyo na nyumba wala mgomba, skrini ikawasha pembetatu nyekundu, gari likaishiwa nguvu. Nikalisogeza pembeni likasimama.

Kitabu nilikuwa nimekisoma, nikajua papo hapo. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna matundu ambayo feni inavutia hewa ya kupoza betri. Yakizibwa, betri inapata joto, gari linajizuia. Nikashuka, nikasimama nje ya mlango wake nikiangalia mbinguni.

"Mama, kuna kitu umeweka kwenye yale matundu?"

"Nimeweka mfuko wa maharage. Palikuwa na baridi."

"Uutoe, mama."

Nikasikia akijaribu. Mfuko ulikuwa umebanwa kati ya kiti na mlango, na magoti yake hayamruhusu kujipinda. "Siwezi," akasema.

Ilikuwa imefika saa mbili. Mtumbwi haungojei mtu. Dawa ilikuwa kuinama nikapitisha mkono pembeni ya nyonga ya mama mkwe wangu, nikavuta. Wewe unacheka. Njoo uoe kwetu kwanza, halafu ucheke. Nilisimama pale na elimu yangu yote, mikono mfukoni. Nilijua mama mle ndani anawaza mwanawe.

Ndipo mzee mmoja akatokea kwenye ukungu, anakuja kwa miguu kutoka upande tunakokwenda. Koti la kaki, kipara, makubazi ya tairi. Hakuwa na haraka.

"Limekufa?" akaniuliza.

"Halijafa, mzee. Limepata joto." Nikamweleza habari ya matundu na ya mfuko. Sikumaliza. Alifungua mlango wa nyuma, akaingiza nusu ya mwili wake, akasema, "Sogea." Mama akasogea. Akavuta mfuko wa maharage kama anautoa chumbani kwake, akaukung'uta, akaupeleka kwenye buti.

Nilishtuka. "Mzee, huyo ni mama mkwe wangu."

"Wako, ndiyo," akasema. "Mimi si mkwe wake."

Nilitegemea mama aseme neno kali, maana namjua. Badala yake alijivutia kitenge zaidi usoni, basi. Nikafikiri ameona aibu.

Mzee akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia mwaloni. Akasema nimpakie, anageuza aende nasi huko. Ungemkatalia? Nikahamisha mkungu wa ndizi nyuma, akakaa mbele. Nikamwomba afunge mkanda, kwa sababu gari litapiga kelele. Akasema yeye hajawahi kufunga mkanda maisha yake yote. Nikawasha, nikasubiri ile ti, ti, ti. Kimya. Gari lililolilia ndizi halikumlilia mzee mzima. Nikasema moyoni, haya, sensa ya kiti, ile inayohisi uzito, imekufa, nitampelekea fundi. Ndivyo tunavyofanya sisi tuliosoma. Tukiona ajabu tunatafuta waya uliokatika.

Pembetatu ilikuwa imezimika. Yule mwanamke wa ndani ya redio, ambaye kila ninapowasha gari hunisemesha Kijapani, akasema maneno yake.

"Anasema nini?" mzee akauliza.

"Sijui, mzee. Anasema kila siku."

"Nawe humwitikii?" Akainama kidogo kuelekea redio, akamwamkia kwa heshima ya Kihaya. "Waitu, tumeamka salama."

Nilicheka mpaka nikasahau kufuta ukungu wa kioo. Tukaondoka. Hakuweza kuamini kwamba gari linakwenda. Aliuliza mara mbili kama injini imewaka. Nikamwambia mara inawaka, mara inazima yenyewe, na kwa kuwa nilikuwa nimepata mwanafunzi mpya, nikamfungulia somo zima la mishale. Alisikiliza vizuri. Alisema aliwahi kuendesha lori la kahawa kwenye barabara hiyo hiyo ilipokuwa vumbi tupu. Nikamweleza na safari yetu pia, kwamba tunamuwahi shemeji yangu, na kwamba tukichelewa mama hatamwona tena. Mzee akatazama nje upande wake.

Taa ya petroli ikawaka.

Sikumwonesha, lakini aliyewahi kuwa dereva haoneshwi taa. "Yamekwisha?" akauliza.

"Karibu."

"Basi tumia milima."

Sasa kuna mchezo ambao kila dereva wa Kagera anaujua. Ukifika kileleni unaweka nyutro, unaliachia gari litelemke bure, unaokoa mafuta. Sisi wote tumefundishwa hivyo na waliotutangulia. Kwa hiyo mteremko wa kwanza nikaweka nyutro, tukatelemka kimya, nami najiona bingwa. Wa pili, nyutro. Mzee alikuwa ameegemea mbele anaangalia skrini.

"Mwanangu," akasema, "huo mshale wako wa kujichaji. Ukiweka nyutro unakufa."

"Haiwezekani."

"Mlima unaofuata usiweke. Acha kwenye gia, ondoa mguu tu."

Nikaacha kwenye gia, nikaondoa mguu. Mshale ukageuka, ukaanza kutoka magurudumuni kwenda kwenye betri, kama nilivyowaeleza watu wote wa Miembeni. Nikajaribu nyutro. Ukafa. Gia, ukarudi. Miezi mitano nilikuwa natelemka mlima wa kwetu kwa nyutro nikiitupa chaji yangu mwenyewe, na kitabu nimekisoma. Mzee aliyezoea lori la kabureta aliliona kwa milima miwili. Sijawahi kuona aibu tamu kama ile.

"Mwenye lori aliniambia nitumie nyutro ili tuokoe mafuta," mzee akasema. "Lako linataka ulizuie. Ukilizuia ndiyo linapata."

Kuanzia hapo yeye ndiye alikuwa dereva, mimi nashika usukani tu. Alijua kila kilima kwa kukumbuka. Hapa kanyaga kidogo. Hapa ondoa. Kuna kona, halafu mteremko mrefu, usiguse breki ya mguu, tumia ile herufi yako. Alikuwa anamaanisha B, ile gia ya kuzuia gari mteremkoni, ambayo kabla ya siku hiyo nilikuwa siigusi. Kipande cha chaji kikawa viwili, tukipanda kikawa kimoja, tukishuka kikawa viwili tena. Tulikuwa tunacheka kama wanafunzi waliotoroka darasani. Mara moja niliinua macho kwenye kioo, bahati mbaya, nikaona kitenge cha mama kimefunguka kidogo na jicho moja linatazama. Halikunitazama mimi. Lilikuwa linatazama shingo ya mzee.

Muleba mjini kituo kilikuwa na foleni ya bodaboda kama hamsini. Saa tatu na dakika thelathini na tano. "Tukisimama tumechelewa," nikasema.

"Usisimame," mzee akasema. "Umebaki mlima mmoja tu, ule wa kushuka ziwani."

Tuliufikia mlima ule petroli ikiwa imekwisha kabisa. Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza, skrini ikaandika Kijapani kirefu. Mbele yetu ziwa lote lilikuwa chini, na ukungu umeondoka. Nikaweka B. Gari likashuka taratibu, likinguruma kwa ndani, na mshale ule unarudi, unarudi, unarudi. Niamini nikikwambia, tulifika chini tukiwa na chaji nyingi kuliko tuliyokuwa nayo juu. Hiyo haina uchawi wowote, ni gari tu. Uchawi ulikuwa umekaa kushoto kwangu na sijui.

Saa nne kasoro dakika saba tulikuwa mwaloni. Harufu ya dagaa walioanikwa, kina mama wanageuza nyavu, na mtumbwi mkubwa umeshapakiwa mizigo, injini yake inawaka. Nikasimamisha gari pale mchanga unapoanza. Mama hawezi kukimbia kwenye mchanga. Nikamgeukia mzee nikamwomba amsaidie kushuka wakati mimi nakimbia.

"Mimi huku sishuki," akasema. "Mwite huyo kijana aje hapa kwenye gari."

Sikuwa na muda wa kubishana. Nikakimbia na viatu vyangu vya shule mpaka majini nikiita jina la Projestus. Mwanaume mnene mwenye mvi kidogo akageuka kutoka kwenye mizigo. Nikamwambia mama yako yuko kwenye gari, njoo. Akaruka, akaja mbio kunizidi. Nahodha akapiga kelele kwamba anampa dakika kumi.

Alikuwa anakwenda mlango wa nyuma, kwa mama yake. Alikuja ubavu wa kushoto, akapita kiti cha mbele alipokaa mzee, dirisha lilikuwa wazi. Alifika pale akasimama. Nilikuwa nyuma yake hatua chache, nahema. Sikuona uso wake. Niliona magoti yanakunjika, mtu mzima anapiga magoti kwenye mchanga wenye maji, mikono miwili juu ya mlango.

"Tata," akasema.

Kwetu tata ni baba.

Mzee hakupandisha sauti. Waliongea Kihaya, nami nakupa kwa Kiswahili kama nilivyosikia. "Ulisema hutarudi mpaka nije kukuchukua. Nimekuja. Kushuka sishuki, niliapa, lakini nimekuja."

Projestus alijaribu kusema habari ya mazishi. Mzee akamkatiza. "Hayo yalishapita, sikuyaona. Migomba imezidiwa na majani. Mama yako magoti yake hayawezi tena. Leta watoto wako niwa... walete nyumbani, mama yako awaone."

Nahodha akaita tena. Niligeuka kumpungia mkono asubiri. Niligeuka tu, kama unavyogeuka kumjibu mtu dukani. Nilipotazama tena Projestus alikuwa ameweka paji la uso kwenye ukingo wa dirisha na kiti cha mbele hakina mtu. Mlango haukufunguliwa. Ukifunguliwa mlango wa gari lile, gari linaeleza mtaa mzima. Mchanga upande ule ulikuwa na alama za magoti ya Projestus, basi.

Mimi sikuzimia. Watu wa visa hivi huzimia. Mimi nilikaa chini mchangani. Nakiri mbele yako kwamba niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Projestus akainua uso. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Akamtazama mama yake. "Mmempata wapi?"

Ma Paskazia alikuwa ameondoa kitenge chote kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, nilimwona uso mzima, naye hakujali. "Njiani," akasema. "Baada ya Muhutwe. Alikuwa anatembea kwa miguu."

Baadaye sana, nilipoweza kuongea, nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akaliambia dirisha kwamba alimjua kuanzia neno sogea, maana miaka thelathini na mbili alilisikia kitandani kila usiku. Kisha alitazama shingo, akahakikisha. "Ningekwambia ungetutumbukiza korongoni," akasema. "Na mimi ningefungua mdomo ningelia, angeshuka. Hapendi kilio." Nikamuuliza kama hakuogopa. Akaniuliza amwogope kwa lipi, wakati alikuwa amenyoa vizuri.

Mtumbwi uliondoka bila Projestus. Tuliagiza petroli kwenye dumu kwa bodaboda, tukajaza, tukapanda mlima, na mchana ule Projestus alikata majani kwenye migomba ya baba yake kwa panga la kuazima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wiki iliyofuata alivuka ziwa kumfuata mkewe na watoto. Watatu. Mdogo wao ana kipara cha kuzaliwa upande mmoja na anaitikia redio za magari. Sasa wanaishi Muleba, na mwaka huu wamechuma kahawa.

Na mimi je? Nilimpelekea fundi ile sensa ya kiti. Akaweka jiwe, ikalia. Akaweka mkoba wangu wa shule, ikalia. Akaniambia ni nzima, nimpe ya soda. Tangu siku hiyo Ma Paskazia haruhusu mtu kukaa mbele akiwa yeye yumo, kwa hiyo Advera, watoto wawili na mama mkwe wanabanana nyuma kwenye gari la viti vitano, na mimi naendesha kama dereva wa mkuu wa wilaya. Kila Jumamosi naondoa kifuniko cha yale matundu, nafuta vumbi kwa brashi ya rangi. Nyutro sijaweka tena. Tanki halishuki nusu, na wale wa vipuri Miembeni wananiuliza kwa nini siku hizi siongei sana.

Onyo langu ni hili. Ukiwa na gari kama langu, usizibe matundu yake, usitelemke kwa nyutro, na usitoke nyumbani ukitegemea hesabu za kichwani. Hayo ni madogo. Lakini kama kuna mzazi mmenuniana, usijipe matumaini kwa kisa cha Projestus. Yeye alipata dakika kumi ambazo wengi hawapewi.

Baba yangu mzazi alikufa tukiwa hatusemeshani kwa ajili ya mpaka wa shamba usiozidi hatua tatu. Sikuwahi kumwambia mtu hilo, hata Advera, mpaka niliporudi kutoka mwaloni. Tangu hapo nimepita rweya ile mara nyingi asubuhi za ukungu, taratibu, peke yangu, na nimesimama mahali pale pale nikazima gari. Wewe ambaye wako bado anapokea simu, mpigie leo. Usisubiri kukutana naye barabarani, maana mimi bado nasubiri.